Vidonge Nilivyovitupa

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na ya wengine nitakaa hapa mpaka kesho nikimsema wifi yangu, na hiyo itakuwa kujisafisha tu. Vidonge nilivitupa mimi. Si mume wangu, si wifi, si akina mama wa kanisani. Ni mimi, kwa mkono huu huu, kwenye pipa kubwa la takataka nyuma ya jengo letu pale Newburg, Louisville, huku Marekani, mwezi wa kwanza mwaka 2015. Nilivifunga kwenye mfuko wa mkate ili jirani asivione.

Binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alivunja ungo mwezi wa kumi, na mimi nilifurahi jamani, nisidanganye. Nilimpikia wali na kuku, nikampa kitenge kipya, nikamwambia umekuwa mkubwa. Basi, hayo ndiyo yalikuwa mafundisho yangu yote. Damu ikaja, ikakaa siku tisa. Mwezi uliofuata ikakaa kumi na nne. Sikushtuka. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo tangu usichana, mama yangu naye hivyo hivyo, na kwetu Burundi, hata kambini Tanzania nilikokulia, tulikuwa tunasema wanawake wa nyumba yetu wana damu nyingi. Tulisema kwa majivuno kidogo, kana kwamba ni mali.

Ikafika siku akaanguka shuleni kwenye kipindi cha michezo. Wakanipigia simu nikiwa zamu, kwenye ghala la vifurushi karibu na uwanja wa ndege, nikaacha mkanda unapita na maboksi yake. Kliniki walitupa daktari, msichana mdogo tu, na mkalimani wa simu. Daktari akaongea kwa muda mrefu. Mkalimani akasema, "Mama, daktari anataka kumpima damu vizuri, halafu atampa vidonge vya kupanga uzazi, hivyo vitaipunguza."

Vya kupanga uzazi! Baada ya neno hilo sikusikia kingine. Nafikiri walieleza sababu. Nafikiri walisema turudi baada ya wiki mbili. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba magotoni, nikimtazama mtoto wangu ambaye bado alikuwa analala na mdogo wake kitanda kimoja, na kichwani nasema, wanamwona mwanangu ni nani hawa?

Alivimeza siku mbili. Siku ya tatu nikavitupa. Mume wangu alikuwa hajasema nitupe, alikuwa amekaa kochini tu, anakuna kichwa, mtu mpole yule, anafanya kazi kiwanda cha nyama na akirudi hana nguvu ya kugombana na mtu. Alichosema ni, "Tumpigie dada kwanza."

Dada yake, wifi yangu, alikuwa anaishi Whitehall, kule Columbus, jimbo la Ohio. Na hapa ndipo inabidi nieleze, maana asiyetujua atasema tulikuwa wajinga. Hatukuwa wajinga. Watu wa mume wangu wametoka milima ya Kivu, na kwao binti akishavunja ungo, mambo ya mwili wake si ya mama tena, ni ya shangazi. Mama anabaki na kupika na kusuka nywele. Kumuuliza mwanangu damu imefikia wapi ilikuwa aibu, kwake na kwangu. Na shangazi huyu hakuwa shangazi wa hivi hivi. Alikuwa amefanya kazi dispanseri ya misheni miaka kumi na mbili. Alikuwa na daftari. Mafundisho yote aliyopewa akiwa msichana na manesi wazungu aliyaandika humo kwa mkono, akalifunga kwenye nailoni, na daftari hilo lilivuka ziwa naye, likakaa kambini, likapanda ndege. Picha za ndoa yake zilipotea njiani, daftari halikupotea. Akina mama wote tuliojuana, kuanzia Louisville mpaka Columbus, tukiwa na jambo la tumbo tulimpigia yeye, na alikuwa anafungua na kutusomea. Yule daktari wa kliniki alikuwa mtoto wa juzi. Wifi ndiye aliyesoma.

Tukaweka simu spika.

"Bon," akasema wifi, kwa Kiswahili chao cha Kongo chenye Kifaransa ndani. "Sikiliza muzuri. Ile damu ni ya kusafisha njia ya watoto. Miaka mbili ya kwanza, asizuiwe hata kidogo. Mukizuia, inaganda mule ndani, atakuwa tasa. Na damu ya mutoto mwanamuke iko na kipimo. Akisoma sana, inapanda ku kichwa, tumbo inabakia bila kitu, njo maana inamuchafuka. Donc, mumutoe ku masomo. Mumulete kwangu, apumuzike."

Mume wangu alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mimi pia, ndiyo. Nilikuwa na hofu wiki nzima, na sasa mtu mzima, mwenye daftari, amesema.

Mtoto alilia. Alikuwa amechaguliwa darasa la hesabu la wale wanaojua zaidi, watoto wanane tu shule nzima. Alinipigia kelele kwa Kiingereza, nikaelewa nusu, na nusu ile ilinitosha. Shuleni tukasema tunahamia Ohio. Wakafunga faili lake. Kule Ohio hakuna aliyemwandikisha popote. Louisville walijua yuko Ohio, na Ohio hawakujua kama yupo duniani. Jumamosi moja baba yake akampeleka kwa gari, akarudi peke yake.

Kila nikipiga simu wifi anajibu, "Anapumuzika." Nikiomba kuongea na mtoto, mtoto anasema tu, "Ndiyo mama. Sawa mama." Haya.

Mwezi wa pili mama yangu aliteleza kwenye barafu huko Buffalo, akavunjika mkono. Alikuwa anaishi na kaka yangu. Nikaomba ruhusa kazini wiki moja, nikapanda basi, na kwa kuwa basi linapita Columbus, nikapanga nishuke nimwone binti yangu, niendelee na basi la mchana. Wifi alinichukua kituoni kwa gari lake. Njia nzima anaongea na mimi naitikia, sikutazama hata jina la barabara. Nyumba zile za ghorofa moja zimefanana zote. Niliona duka la matairi, kisha tukaingia nyuma yake, kisha mlango mwekundu.

Mwanangu ndiye aliyefungua. Mgongoni amembeba mjukuu wa wifi, katoto ka kike ka miaka mitatu. Nilimkumbatia nikasikia mifupa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nikamshika viganja, vyeupe. Akatuletea chai, akarudi jikoni, nikasikia anatafuna kitu, kra, kra. Nikaenda kuchungulia. Alikuwa anatafuna barafu, anaichota kwenye friji kwa bakuli, bakuli zima, hana habari na mimi.

"Unakula nini wewe?"

"Nina hamu nayo tu, mama."

Sinki limejaa vyombo alivyokuwa anaosha, nguo za nyumba nzima zimekunjwa mezani, sufuria ya maharage ipo jikoni. Wifi alikuwa anakwenda kulea wazee Reynoldsburg kila asubuhi, na kumbe binti yangu ndiye aliyekuwa anapika, anafua, na anamlea yule mtoto.

"Wifi," nikamwambia, "huku ndiko kupumzika?"

Hakukasirika hata. Alinieleza kwa upole, kama anamweleza mgonjwa. "Kazi ya mikono haisumbue damu, wifi. Inaisaidia hata. Ni kitabu njo inasumbua."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikaimeza pamoja na chai yake. Ningesema nini? Mimi niliyeishia darasa la saba kambini, nibishane na daftari? Binti yangu akanisindikiza mpaka mlangoni, akanishika koti, akasema polepole shangazi asisikie, "Mama, nichukue."

Nikamwambia, "Nikirudi. Siku nne tu."

Nikapanda gari la wifi, nikapanda basi, nikaenda Buffalo. Mungu anisamehe, kwenye basi nililala usingizi.

Siku ya tatu asubuhi nilikuwa namwogesha mama. Mkono una plasta, hawezi mwenyewe, na theluji imeziba nusu ya dirisha la bafu. Nikawa namsimulia habari za watu, huyu kajifungua, yule kanunua gari, nikamwambia pia, "Mjukuu wako siku hizi anatafuna barafu kama karanga." Nilisema nikicheka.

Mama akaacha kujipaka sabuni.

"Damu yake inakata?" akauliza.

"Haikati vizuri. Wifi anasema inasafisha."

Akaiweka sabuni ukingoni mwa beseni. Kisha akasema, akiangalia ukuta, "Dada yako alikuwa anakula udongo."

Dada yangu mkubwa alikufa mimi nina miaka sita. Malaria. Maisha yangu yote ni malaria, hata kwenye fomu za kuja Marekani tuliandika malaria. Mama akaniambia siku hiyo, akiwa uchi ndani ya beseni la kuogea, na maji yananidondoka mikononi, kwamba haikuwa malaria. Dada alivunja ungo, damu ikaja, haikukata. Walimpeleka kwa nesi wa misheni, nesi akasema wasizuie, mwili unasafisha njia. Wakamwacha. Alipika mpaka siku ya mwisho. Ilimchukua siku kumi na nane.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeogopa kuzaa," akasema mama.

Nilimwambia mama yangu maneno ambayo sitayaandika. Nilimwacha pale na sabuni mwilini, nikatoka nikitafuta simu.

Wifi hakupokea. Alikuwa kazini, na kazini simu zinafungiwa kwenye kabati. Nikapiga mara ya pili, ya tano, ya kumi na kitu. Binti yangu hakuwa na simu. Mume wangu yuko kiwandani, naye simu iko kabatini. Nikapiga simu ya dharura, wakanihamisha mara mbili mpaka nikampata mwanamke wa kule Columbus, akaniuliza kwa sauti nzuri kabisa, "Anwani ni ipi?" Nikasema Whitehall. Akauliza mtaa gani, namba gani. Nikasema kuna duka la matairi na mlango mwekundu. Akasema, "Mama, maduka ya matairi yapo mengi." Nikarudia, duka la matairi! Mlango mwekundu! Nikapiga kelele kama mwendawazimu. Sikujua namba ya nyumba aliyomo mwanangu. Nilimzaa, nikampeleka mahali, sijui ni wapi.

Kaka yangu alikuwa anajiandaa kwenda kiwandani. Alisikia kelele zangu, akachukua funguo. Na mama naye, nywele bado mbichi, akatoka na lile plasta lake, akaingia kiti cha nyuma. Nikamwambia baki. Akasema, "Sibaki."

Saa tatu asubuhi tulikuwa barabarani. Ukitoka Buffalo kwa njia ile unafuata ziwa, na siku hiyo theluji ilikuwa inavuka barabara kwa upande. Malori yanatembea taratibu mbele yetu na hatuwezi kuyapita. Nilimwambia kaka kimbiza, akasema nikikimbiza tutakufa, nikamwambia basi tufe. Mama nyuma anasali kwa Kirundi. Mimi sikusali, nilikuwa namgombeza Mungu, ndiyo ukweli, nilimwambia ukimchukua huyu mimi na wewe basi. Theluji ilikatika tulipoingia Ohio. Kila nusu saa nampigia wifi. Nilianza kupiga hesabu ya siku, maana wifi aliniambia damu ya safari hii ilianza lini, nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena nikitafuta kosa. Ilikuwa siku ya kumi na saba.

Whitehall tulifika saa nane na kitu mchana. Tulizunguka. Duka la kwanza la matairi, siyo. La pili, siyo. Nilikuwa nimetoa kichwa dirishani kwenye baridi ile nikitafuta mlango. La tatu ndilo. Nikashuka gari likiwa bado linatembea.

Katoto ka miaka mitatu kalifungua mlango baada ya kuhangaika sana na kitasa. Mwanangu alikuwa sakafuni jikoni, ameegemea friji, miguu ameinyoosha, amekalia taulo, na taulo lile, jamani, sitaki kulisema. Macho yalikuwa wazi. Alinitazama kwa muda, akanitambua, na neno la kwanza akasema:

"Maharage yataungua."

Kaka yangu alipiga simu ya dharura, anwani akaisoma kwenye barua iliyokuwa mezani. Mimi nilizima jiko. Sijui kwa nini nilizima jiko kwanza. Baadaye nikakaa chini nikampakata, mzima mzima, miaka kumi na mitatu, akawa mwepesi, na mama yangu akasimama mlangoni anasema kwa Kirundi, "Siyo huyu pia, siyo huyu pia," mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Hospitali walimwongezea damu mifuko mitatu. Daktari mwanamume, mzee, akaja na mkalimani wa simu, akauliza kama kuna wanawake wengine katika familia wanaotokwa damu namna hii. Nikainua mkono kama mtoto wa shule. Mimi. Nikamwonyesha mama. Na yeye. Na dada yangu, nikasema, alikufa. Daktari akaandika. Akaniambia ni ugonjwa wa damu, damu yetu haishiki vizuri, tunapeana mama kwa mtoto, na una dawa, dawa ya kawaida. Akauliza, "Hakuwahi kupewa vidonge?"

Nikasema alipewa. Nikasema nilivitupa. Mkalimani akatafsiri bila kubadilisha sauti, na daktari akaandika na hilo.

Wifi alikuja jioni na sare yake ya kazi, mbio, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Nilikuwa nimejiandaa kumrarua. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Buffalo. Alipofika akamtazama mtoto na ile mirija, akashika chuma cha kitanda. "Mimi nilisoma hivyo," akasema. "Wifi, mimi nilisoma hivyo. Niliambia wanawake wengi. Niliambia wengi sana." Akakaa chini kwenye sakafu ya hospitali, mama mzima. Sikumrarua. Wala sikumwinua.

Miaka miwili baadaye nilisomea kulea wagonjwa, kozi fupi, na siku moja mwalimu wetu alitusimulia kwa kuchekesha kwamba zamani, huku huku Amerika na Ulaya, madaktari wakubwa wenye ndevu na vyuo vyao walikuwa wanafundisha kwamba msichana akisoma sana wakati anapevuka, akili inakula nguvu ya tumbo la uzazi, atakuwa tasa, heri akae nyumbani ajifunze kazi za ndani. Darasa zima likacheka. Mimi nilitoka nje. Kumbe hata hayakuwa ya kwetu! Walikuwa wameyaandika wao, wakayapeleka milimani kwetu na sindano na sabuni, kisha wao wakayaacha, wakasahau kutuma mtu arudi kutuambia. Nililia kwenye maegesho ya magari mpaka zamu ya mchana ikaingia.

Lakini siku ile hospitali sikujua hayo. Nilijua tu kwamba mwanangu anapumua. Asubuhi yake aliamka, midomo ina rangi, nikambusu uso mzima mpaka akageuza kichwa. Nilimwambia tunarudi nyumbani, unarudi shule, hesabu zako, kila kitu. Akavuta shuka mpaka kidevuni. Akaingia nesi na yule daktari, wakasema kuna maswali ya kumuuliza mgonjwa kuhusu mwili wake, ni haki yake kuchagua nani abaki chumbani. Nikavuta kiti karibu zaidi na kitanda. Nilidhani ni maneno ya utaratibu tu.

Mwanangu alimtazama mama yangu, kisha akanitazama mimi. Alisema kwa Kiswahili, taratibu, ili pasiwe na haja ya mkalimani.

"Bibi abaki. Mama atoke."

Nikatazama kila mtu. Nikachukua koti langu, nikatoka, nesi akavuta pazia. Pazia ni kitambaa tu. Nilisimama pale nje, nikamsikia mkalimani wa simu anamtafsiria mama yangu, neno kwa neno, yale mwanangu aliyokuwa anayasema kwa Kiingereza kuhusu wiki zile za kwa shangazi. Nilisikia sentensi mbili. Kisha nikatembea mpaka mwisho wa korido, penye mashine ya soda inayonguruma, nikasimama huko ambako sisikii.